Safari ya Dakta Chilumba Kuufuata Mkojo wa Msimbati

Sogeeni, enyi watu wa Chuno, nanyi wa Rahaleo mlioketi vibarazani! Zimeni redio, watulizeni watoto, mwenye kikombe cha kahawa mkononi akiweke chini, kwa maana nitakalowaambia si jambo la kusikilizwa kwa sikio moja. Nitawasimulia jinsi Dakta Shafii bin Chilumba, Bingwa wa Figo, Mwenye Makala Kumi na Mawili, Mfalme wa Majedwali kutoka bandarini hadi kingo za Ruvuma, alivyotoka mjini asubuhi moja kwenda kijiji cha Msimbati kuufuata mkojo wa mwanamke mmoja, na jinsi alivyoupata. Ewe Mola uliyeumba figo mbili ukazificha mgongoni, upe nguvu ulimi wangu, nisipunguze neno wala nisiongeze, ila pale ambapo kuongeza kutampendeza Dakta mwenyewe.

Jueni kwanza alikuwa mtu wa namna gani. Hospitalini kwake, ambako sitakutaja kwa jina, madaktari wengine walitibu. Yeye alitibu na kuandika. Aliandika juu ya figo zinazokufa, na juu ya kinga za mwili zinazoasi, zikaacha kumlinda mwenye mwili na kuanza kumshambulia. Makala yake yalisomwa katika miji ambayo hata korosho yetu haijawahi kufika. Aliposimama kwenye mikutano ya wataalamu, maprofesa mia tatu walinyamaza. Lakini hapa Mtwara hakuna aliyewahi kusoma hata moja, si muuguzi wake, si mkewe Farida, aliyeliangalia la kwanza akasema herufi zake ni ndogo mno.

Sasa Dakta alikuwa na la kumi na tatu, kubwa kuliko yote, juu ya wagonjwa ishirini na wanne aliowafuatilia mwaka mzima. Akalituma kwa jarida la ng'ambo. Huko akainuka mhakiki asiye na jina wala uso, akachomoa kalamu yake kama jambia, akaandika: "Mgonjwa namba kumi na tisa hana kipimo cha mkojo cha mwezi wa kumi na mbili. Kiletwe ndani ya siku kumi, ama makala hayatachapwa."

Lo, siku hiyo! Safu ishirini na tatu zimejaa, na moja ina nafasi nyeupe, kama pengo katika meno ya bwana harusi. Dakta alipiga simu ya namba kumi na tisa, haipatikani. Akamtaka muuguzi aende. Muuguzi akasema ana foleni ya watu sitini. Siku ya tisa, yule ambaye hakuwahi kumfuata mgonjwa hata nje ya geti, aliinuka mwenyewe. Akavaa koti jeupe. Akatwaa kiboksi cha barafu, chupa yenye kifuniko chekundu, na kopo la vijiti vya kupimia. Akapanda bodaboda ya Elisha wa Chuno, mtu mzima asiyependa maneno mengi, wakaondoka.

Njia ya Msimbati iliwapokea kwa vita. Penye mchanga mwingi gurudumu lilizama, pikipiki ikayumba, na shujaa wetu akaanguka ubavu, akiwa amekiinua kiboksi juu kama askari anayeokoa bendera.

"Dakta, hapa utembee," alisema Elisha. "Mchanga huu hauna adabu."

Akatembea, viatu mkononi.

Katika majedwali yake, namba kumi na tisa alikuwa mwanamke, miaka arobaini na mmoja, basi. Kule Msimbati alikuwa Amelia, mke wa Inasio, ambaye babu zake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Walimkuta amekaa kivulini nyuma ya nyumba na dada yake mkubwa, Ines, wanamenya mihogo. Amelia alikuwa amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, kwa kuwa jua lilimchoma ngozi tangu augue.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Aa, dakta wa makaratasi!" alisema Amelia.

"Shikamoo, mama," Dakta alimwambia Ines.

"Marahaba. Umeanguka?"

Dakta alijikung'uta, akapanua kifua, akahutubia. "Mama Amelia! Nimetoka mjini, nimevuka mchanga, nimeanguka na nimeinuka, kwa ajili ya kitu kidogo ambacho elimu ya dunia nzima inakingojea. Naomba mkojo wako. Nusu ya chupa hii yatosha."

Amelia aliitazama chupa. Akamtazama Dakta. Elisha akageuka kuangalia minazi.

"Mkojo nimekupa mara ngapi, dakta?"

"Mara tatu, mama."

"Mara nne. Na damu mara nne. Ulizifanyia nini?"

"Niliandika."

"Uliandika nini?"

Hapo ndipo pambano lilipoanza, na hakika silaha za Dakta zilikuwa nzito. "Matokeo yanadhihirisha," alinguruma, "uhusiano wenye umuhimu wa kitakwimu baina ya kiwango cha protini kwenye mkojo na kushadidi kwa mchakato wa kikinga..."

"Huyu anasoma bajeti?" Ines alimuuliza mdogo wake.

Amelia hakucheka. "Dakta, mimi darasa la saba nimemaliza. Kiswahili nakijua. Niambie nina nini. Ukishaniambia, mkojo utapata, hata ndoo nzima."

Dakta alifungua mdomo akaufunga. Akaufungua tena, likatoka neno la Kilatini, akalirudisha. Jasho lilimtoka, yeye aliyewanyamazisha maprofesa mia tatu. Mwishowe alivua koti, akaketi mkekani kando ya beseni la mihogo, akasema polepole, kama mtu anayejifunza kutembea:

"Mama, mwili wako una askari wa kuua vijidudu. Hao askari wamekosea. Wanakupiga wewe mwenyewe. Walianza na ngozi na viungo, sasa wako kwenye figo. Figo ndizo zinazochuja damu yako. Vile vidonge vyeupe ndivyo vinavyowatuliza askari."

Kisu cha Ines kilisimama katikati ya muhogo.

"Vile vilivyonivimbisha uso?" aliuliza Amelia.

"Hivyo hivyo. Uso utarudi, mama. Figo zikifa hazirudi."

"Nimeviacha. Mwezi wa pili huu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Watu walikuwa wananitazama sokoni. Karatasi ya dawa iliandikwa moja mara tatu. Haikuandikwa kwa nini."

"Mimi ndiye niliyemwambia aache," alisema Ines. "Nilidhani vinamuua."

Dakta alimsogezea Amelia chupa.

Amelia alitwaa chupa, akaenda uani, akarudi nayo imejaa hadi shingoni. Dakta akatumbukiza kijiti. Kilipaswa kubaki cha manjano. Kikawa kijani, alama ya protini inayovuja figoni, kisha kijani kilichokolea kama majani ya mkorosho. Mimi niliyeahidi kutopunguza neno sitalificha hili: kwa kitambo cha kupepesa jicho, shujaa wetu alifurahi. Safu ya kumi na tisa imejaa! Tena imejaa kwa namba kubwa, yenye kuthibitisha hoja yake mbele ya mhakiki! Kisha macho yake yakashuka kwenye miguu ya Amelia, akaona imevimba. Akabonyeza kifundo kwa kidole gumba, na shimo likabaki palepale. Furaha ikamtoka, ikaja aibu.

"Huo ukijani ni mimi?" aliuliza Amelia.

"Ni wewe. Tunakwenda hospitali leo, mama. Sasa hivi."

"Na mihogo?"

"Mihogo nitamenya mimi," alisema Ines. "Inasio nitamwambia mimi. Nenda, mdogo wangu, nenda."

Wakarudi mjini watatu juu ya pikipiki moja, mshikaki: Elisha mbele, Amelia katikati chini ya mwavuli, na Mwenye Makala Kumi na Mawili nyuma kabisa, juu ya chuma cha kufungia mizigo, akiugulia kila shimo. Dakta alinyoosha mkono apokee kiboksi, Amelia akamkatalia.

"Mkojo wangu nitaupakata mwenyewe."

Amelia alilazwa wiki tatu. Figo zake zimepungua nguvu, lakini zinachuja, na vidonge anameza kila siku, akijua sababu. Makala yalichapwa. Hospitalini walikata keki, wakapiga makofi, mkubwa mmoja akasema jina la Mtwara sasa limefika mbali.

Lakini hilo silo lililonifanya niwaite. Wodini Amelia hakunyamaza. Aliwaeleza wa kitanda cha kulia na wa kitanda cha kushoto habari za askari waliokosea, nao wakawaeleza waliokuja kuwaona. Alhamisi ya kliniki Dakta alifungua mlango, akawakuta wagonjwa wake wote wa mwaka mzima wamesimama mlangoni, na mbele yao Amelia kwa miguu yake.

"Na hawa nao waambiwe," alisema.

Iandikwe basi, enyi watu wa kusini, na ihifadhiwe panapohifadhiwa mambo makuu: kwamba siku hiyo, saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika mji wa Mtwara, Dakta Shafii bin Chilumba, Mwenye Makala Kumi na Matatu, alivuta benchi, akaketi goti kwa goti na mgonjwa namba moja, mzee wa miaka sitini, akamuuliza jina lake.

"Isaya," alijibu mzee. "Nilidhani unalijua."