Harusi ya Ikram kwa Programu ya Wataalamu

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Nimechagua. Dukani Mombasa walinionyesha programu mbili za kukata na kuunga picha za video. Moja ina vitufe vichache. Ndiyo anayoitumia Katana, yule mpiga picha wa Ukunda anayeninyang'anya harusi zote. Nyingine, ya wataalamu, imejaa vitufe kioo kizima. Nikachukua hiyo. Mke wangu Ndila akauliza kwa nini nisianze na ile ndogo. Nikalipa.

Kazi ya kwanza ninayo: harusi ya Ikram wa Munje, niliyoirekodi mwenyewe. Baba yake, Mzee Haji, ni baharia. Meli ilimchelewesha, ndugu yake akamwozesha binti kwa niaba yake. Anarudi Ijumaa. Kwenye simu alisema anataka jambo moja tu, kumsikia mkwewe akitamka kwamba amemkubali Ikram. Nikamwambia ataona mpaka nyota.

Jumanne, 10

Siku nzima natafuta kitufe cha kukata. Katana akapita. Akasema yuko tayari kunifundisha, na nisiguse kitu kabla ya kutoa nakala ya kaseti. Wivu huo.

Jioni nimezipata nyota! Picha inapasuka kwa umbo la nyota, nyingine inachomoza katikati. Mioyo pia ipo. Nimeiweka kwenye picha za kula pilau.

Jumatano, 11

Nimekata. Barazani wanaume wamekaa chini, hakuna anayecheka. Shehe kamshika mkono bwana harusi, Hashim, wananong'ona. Bibi harusi mwenyewe hayupo! Kanisani kwetu mtu hakubaliwi akiwa chumba kingine. Nikajua ni maandalizi tu, kiapo kilikuja baadaye, mimi nikiwa nakula. Mnong'ono wote nikautupa nje. Nyota, kisha pilau.

Kompyuta ikalalamika imejaa, nikafuta picha za kabla ya kukata. Harusi iliyokamilika nikairekodi juu ya kaseti ileile ya kamera. Kaseti mpya ya nini?

Alhamisi, 12

Ikram amekuja kutazama. Akauliza ndoa iko wapi. Nikamwonyesha pilau. Akasema ule mnong'ono ndio ndoa yenyewe, pale ndipo Hashim alipomkubali. Kisha akasema baba yake alishaikosa mara moja, na machozi yakamtoka. Nimeumia, sitaficha. Nikamdanganya kwamba ipo, nitairudisha.

Hashim yuko Pemba, hapatikani. Lakini kuna kitufe cha kuingiza sauti. Nimenong'ona mwenyewe: nimekubali kumuoa Ikram. Nimeibandika mahali Hashim anapotafuna pilau. Mdomo unakwenda, neno linatoka. Ni kazi safi.

Ijumaa, 13

Baada ya swala sebule ya Mzee Haji ilijaa wazee. Nikatoa shikamoo kwa kila mmoja. Nyota zikapita. Hashim akatafuna, akamkubali Ikram kwa Kiswahili cha kwetu Kibwezi.

Mzee akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Akaomba tena. Akavua miwani, akasema kwa upole: Mulinge mwanangu, naona aliyemuoa binti yangu ni wewe. Wazee wakacheka hadi wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alisema huko baharini alikuwa akilifikiria neno hilo moja kila anapolala. Akaenda kukaa uani peke yake, chai yake ikapoa. Ikram hakuniangalia.

Jumamosi, 14

Sikulala. Ile sura ya mzee inanikera. Katana kaja, hata hakunicheka, ndilo linaloniuma zaidi. Kasema nikaombe radhi, kisha nikajifunze kwake ile programu ndogo, bure. Nikamwonyesha mlango.

Nimepima mambo kwa utulivu. Programu haina kosa. Mimi sina kosa. Mwenye kosa ni Hashim, mwanamume anaoa kama anayeficha jambo. Nimemtumia salamu Pemba kwa mabaharia wa Shimoni: akirudi aoe upya, Ikram akae karibu yake, na safari hii apaze sauti.