Soksi Kwenye Mchuzi wa Mzee Hedi

Dada zangu wa Bukoba, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe! (Si nguo hasa. Soksi. Subirini.)

Mnajua banda langu la chakula hapa Kirumba linavunjwa mwisho wa mwezi. Na niliwaandikia kwamba tajiri mmoja wa samaki, Bwana Masanja, anafungua hoteli kando ya ziwa, anatafuta mpishi. Siku hizi soko huria, kila mwenye minofu ana hoteli! Basi leo ilikuwa zamu yangu kujaribiwa. Nikikosa, narudi kijijini kumenya ndizi kwa mama mkwe. (Mama mkwe nampenda. Kwa mbali.)

Aliyejaribiwa jana alikuja na cheti cha mapishi na kofia ndefu nyeupe. Mimi nilikuwa na mchuzi. Nilifundishwa na Mzee Hedi, fundi wa mitambo ya barafu kutoka Tunisia, aliyekula bandani kwangu miezi sita. Nyanya nyingi, kitunguu saumu, pilipili kavu iliyosagwa, vichemke taratibu mpaka mafuta yaelee. "Mama Koku," aliniambia, "ukiwa na mchuzi huu, kitu chochote kinakuwa chakula." Mdalasini, giligilani na bizari nyembamba unavifunga vikiwa vizima kwenye kitambaa cheupe, unatumbukiza, unatoa kabla ya kupakua.

Kitambaa cheupe! Asubuhi nyumba nzima sina. Kanga yangu mpya inachuja rangi. Nikakumbuka mtumba wa juzi: soksi moja ya mtoto, nyeupe, ina picha ya bata. Nikaichemsha mara mbili. Ikawa safi kuliko roho yangu.

Saa saba, kule hotelini, wakaketi: Bwana Masanja, mkewe, na mama yake mzazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Haya, tuone."

Nikavunjia mayai ndani ya mchuzi, nikapeleka. Wakatafuna tu. Nikaleta ugali na sangara wa kukaanga, mchuzi uleule juu yake. Mke akalegeza kitenge. Nikautia na kwenye maharage, na chapati pembeni. Bwana Masanja akafuta sahani yake kwa chapati, halafu akafuta na ya mkewe! Moyoni nikasema, kofia ndefu, kwaheri! Kichwa kikanivimba, na kitambaa nikakisahau kabisa.

"Lete sufuria hapahapa," akasema Bwana Masanja, "nipakue mwenyewe."

Nikaleta, meno yote nje. Akazamisha upawa. Ukatoka na soksi, inachuruzika, bata ananitazama.

Jamani!

"Mama Koku, hii nini?"

"Ni... kiungo, bosi."

"Kiungo kina kisigino?"

Mkewe akapaliwa na maji. Bwana Masanja akainamia sufuria, anachungulia. "Na ya mguu wa pili iko wapi?"

Nilitamani ziwa lifurike linibebe. Nikaeleza yote: kanga, mtumba, kuchemsha mara mbili. Machozi yananitoka. (Na kamasi. Niseme ukweli.) Nikaanza kukusanya vyombo vyangu, naziona zile ndizi za mama mkwe zinaningoja.

Hapo bibi akanyoosha mkono, akaichukua soksi. Nikafumba macho, nikajua inanijia usoni. Kumbe wapi! Bibi akaikamua juu ya ugali wake. Akaikamua tena, kwa mikono miwili, mpaka tone la mwisho. Akamega tonge, akachovya, akala.

"Masanja," akasema, mdomo umejaa, "yule wa jana alikuwa na kofia, chakula hakuwa nacho. Huyu abaki."

Naanza Jumatatu! Jiko zima langu, majiko manne ya mkaa na wasaidizi wawili! Naandika barua hii huku nacheza. Tayari wananiita Mama Soksi, na naitika kwa sauti.

Ila nyinyi msithubutu kucheka. Atakayecheka, siku akija Mwanza kunitembelea, nampikia bila soksi.