Kompyuta ya Usharika Yagoma Kuzimika

Jumatatu, 9 Juni
Baridi na manyunyu. Mchana kutwa nimebeba matofali ya ukumbi mpya wa usharika. Jioni nimefagia ofisi, kama kawaida. Simu nimeichomeka nyuma ya kompyuta, kama kawaida, ichaji na ivute nyimbo za kwaya. Chumbani kwangu, mtaa wa Kwa Mrombo, umeme hakuna.

Vaileth, katibu wa usharika, akazima kompyuta. Imegoma! Ikaandika kwamba kuna kazi bado inaendelea, isubiriwe. Mchungaji hataki ofisi ifungwe kabla haijazimika. Basi akaitwa Ephraimu, fundi aliyeiwekea huo mfumo wake wa Linux. Kaja na pikipiki na marashi. Wakaongea Kimeru, wakacheka. Mimi mtu wa Kasulu nimeambulia neno "kompyuta" tu. Nilifagia kona moja mpaka Vaileth akasema, "Kaka Sylvanus, hapo pameshatakata."

Kaka!

Jumanne, 10 Juni
Imegoma tena. Mpango: niizime mimi, Ephraimu asihitajike. Vaileth alipotoka kumuaga mchungaji, nikachomoa waya ukutani. Kimya! Nikamwambia nimeibembeleza. Akasema kumbe nina kipaji. Ephraimu kafika, kakuta imelala, kageuza pikipiki. Nimeshindwa kula kwa furaha.

Jumatano, 11 Juni
Kipaji kimekufa. Asubuhi kompyuta imeamka ikijikagua kama mgonjwa, na matangazo ya Jumapili aliyochapa Vaileth hayapo. Kidogo alie. Ephraimu kaitwa mchana, kakaa hadi jioni. Mama yake Vaileth kawatumia ndizi za kupika, wakala sahani moja. Kisha Ephraimu akatangaza kwamba waya wa ukutani usiguswe na mtu. Alikuwa ananitazama mimi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimebadili mbinu. Nitaiba ujuzi wa Ephraimu. Niliishia darasa la saba, lakini macho ninayo. Nikasimama nyuma yake na ndoo. Skrini nyeusi, maandishi meupe. Nikauliza kwa heshima ugonjwa ni nini. Akasema ipo programu inafanya kazi chinichini, haitaki kuacha, na kompyuta inaisubiri kwa adabu.

"Kama mgeni asiyejua kuaga," akasema. "Giza linaingia, yeye yupo tu."

Nikamtazama. Hakuelewa.

Ijumaa, 13 Juni
Aibu! Ephraimu kagundua kwamba hiyo programu inanyonya nyimbo kupeleka kwenye simu ya mtu. Akafuata waya nyuma ya meza mpaka mfukoni mwa koti langu, pale msumarini. Kioo kikawaka. Ni picha ya kwaya, ila wengine nimewakata, kabaki Vaileth.

"Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaniita hapa kila jioni!" akasema. "Asante sana, mzee wangu."

Vaileth alicheka mpaka akatafuta kiti. Nimemzidi Ephraimu miaka miwili tu. Mzee!

Jumamosi, 14 Juni
Ushindi. Kompyuta imezimika papo hapo. Ephraimu hana kisingizio tena! Nikafunga madirisha nikipiga mluzi. Vaileth akavaa koti, akatoka. Getini, pikipiki. Nikamuuliza Ephraimu nini kimeharibika. Akasema hakuna. Sasa kaja kufanya nini?

Jumapili, 15 Juni
Mimi Mkatoliki, lakini leo nimesali kwa Walutheri ili nimsikie Vaileth akiimba. Hakuimba. Alikaa mbele na mama yake, amefunga kitambaa kipya kichwani. Mchungaji akasoma tangazo la ndoa, la kwanza: Ephraimu na Vaileth. Watu wakapiga vigelegele. Jirani yangu akanipiga bega, akidhani nalia kwa furaha.

Halafu mchungaji akasema mwenye pingamizi afike ofisini.

Ofisini! Ofisini anakaa nani? Na pingamizi ataliandika nani, kama si katibu mwenyewe? Nimeshapiga pasi shati. Kesho nitakwenda jioni, anapotaka kufunga. Nitaeleza polepole, neno moja moja, nianzie Kasulu.