Uzinduzi wa Darasa la Nyakati Mbili za Kiingereza

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu wako, Mheshimiwa anayekaimu umakamu leo kwa kuwa Makamu ana mafua, wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vidogo, makarani wangu wapendwa, mama wa chai pale mlangoni, na wewe niliyekuruka, jihesabu umetajwa! (Makofi.)

Nasimama kifua mbele, mimi Mkurugenzi wenu, kuzindua Programu Shirikishi ya Kapasiti ya Nyakati, ambayo kwa miezi mitatu, kwa mujibu wa mchakato niliouasisi mimi mwenyewe, imewawezesha makarani asilimia mia moja na nne (minong'ono) kuchagua bila kigugumizi kati ya "I finished" na "I have finished", maana kama mjuavyo, mtihani wa Bodi ni kesho saa mbili asubuhi, na atakayefeli kazi hana, awe nani awe nani.

Kanuni ni nyepesi. Ukitaja lini, tumia ya kwanza. Usipotaja lini, na matokeo bado tunayaona, tumia ya pili. Kwa mfano mimi: "I have finished this classroom yesterday." (Mama wa chai: "Bosi, jana umeshaitaja! Sema 'I finished'." Kicheko.) Asante mama, nilikuwa nawapima tu. (Kicheko kikubwa.)

Naarifiwa kwamba makarani hujifunza kwa mama huyu kila siku saa nne asubuhi, vikombe mkononi, wakitungiana sentensi kando ya mashine ya fotokopi. Hilo nalo ni tunda la uongozi wangu! (Karani mmoja: "Tufanyeje, na darasa lina kufuli?") Kufuli ni usalama wa vifaa, binti yangu.

Nyakati safi! (Kazi safi!) Kiingereza juu! (Juu!) Bodi oyee! (Mwenyekiti anainuka, anaelekea mlango wa darasa.)

Mheshimiwa, usisumbuke, rangi bado mbichi! Basi nishukuru haraka haraka. Namshukuru fundi bomba, aliyekubali kuvaa tai yangu na kupigwa picha kama mwalimu. Namshukuru fundi rangi, aliyeandika "Darasa" juu ya mlango wa stoo ya viti vibovu. Na wewe mama wa chai, nakushukuru mapema, kwa sababu barua ya Bodi imenifikia asubuhi hii: mtihani ni wa wafanyakazi wote, Mkurugenzi akiwemo. Mama yangu, jioni una nafasi? (Vifijo. Mama wa chai: "Njoo tu, bosi. Ila kikombe utaosha mwenyewe.")