Roboti la Bwawa na Posa ya Dativa

Jumatatu, 14 Mei 2001

Mungu si Athumani! Mto Mississippi umefurika, boti hazipiti chini ya madaraja. Boti ya Kapteni Sydney imefungwa gatini Saint Paul, na humo ndimo baba mdogo wa Dativa atakamosikiliza posa yangu Jumamosi. Keshasema hamwozi binti kwa mtunza bwawa la kuogelea la maghorofa ya Saint Louis Park. Anataka mwanamume mwenye mradi. Mradi si huo! Boti imekaa bure, tumbo lake lisuguliwe. Nimekulia bandarini Tanga mimi. Najua chaza wanavyong'ang'ania meli.

Jumatano, 16 Mei

Nimeazima roboti la kusafishia bwawa la kazini. Meneja hajui. Bwawa bado limefunikwa turubai, atajuaje? Nimelifungia brashi ya waya na sumaku za spika zangu, lishike chuma sawasawa. Lusajo, mshenga wangu, injinia wa watu, kauliza kama nina hakika boti ni chafu. Wivu huo! Kapteni nilimwambia nitasugua kidogo tu. Akasema sawa, ila taratibu. Taratibu ni ya waoga.

Jumamosi, 19 Mei

Aibu! Wageni wanakula pilau, roboti likazama. Linapanda, linashuka, linasugua! Nikamwita baba mdogo aone teknolojia. Maji yakawa mekundu. Nikamweleza kwamba huo ni uchafu wa miaka mingi.

Kapteni akaja mbio, anapiga kelele kwamba hiyo ni rangi yake mpya. Kumbe huku mto huganda! Boti hulala nchi kavu kipupwe chote, huoshwa na kupakwa rangi ndipo zirudi majini. Chaza hakuna hata wa dawa. Nikavuta waya, sumaku zikagoma. Roboti likasugua mpaka Lusajo akachomoa plagi. Watu wakampigia makofi. Kwa plagi!

Dativa alicheka, kisha akalia kweli. Roho imeniuma sana.

Jumapili, 20 Mei

Lusajo kaenda kuniombea. Baba mdogo kasema posa hajaikataa. Boti ikipandishwa nchi kavu, niipake rangi upya kwa mkono wangu mwenyewe, naye atakuja kuikagua. Anayetengeneza alichoharibu, huyo ataongea naye. Nimeruka kama mtoto! Dativa kaniletea brashi na maandazi, kanionya kwa kidole: kwa mkono, Gaudens, kwa mkono!

Alhamisi, 24 Mei

Boti iko juu. Nimepaka tangu asubuhi. Kiuno changu jamani! Nimemaliza kipande cha ukubwa wa mkeka, na baba mdogo anakuja keshokutwa. Meneja kapiga simu, anataka roboti lake. Nimemwambia liko kwa fundi.

Liko hapa, zima kabisa. Sumaku bado zinashika. Nimelitoa brashi ya waya, nimelifungia ya Dativa.

Baba mdogo atajuaje?