Malalamiko ya Ukoo Kuhusu Haraka ya Daktari Kioko

Mambrui

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Hospitali,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo wewe na wote unaowasimamia, isipokuwa Daktari Kioko, ambaye sijaruhusiwa kumsalimu.

Mimi ni Ubaid, babake Sahla, yule mtoto wa miaka minane aliyeletwa kwenu Ijumaa amejikunja kwa maumivu ya tumbo. Kikao cha ukoo wetu kimeniagiza nikuandikie kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Malalamiko yetu ni haya:

1. Daktari Kioko alimpapasa mtoto mara moja tu, akasema ni kidole tumbo, kinakaribia kupasuka, na apasuliwe sasa hivi. Sisi tulikuwa naye nyumbani tangu Jumatano na hatukuona haraka yoyote. Bibi yake alishasema ni jicho la watu. Shangazi yake Harusi akasema ni chango. Rai za watu wazima zikatupwa na kijana ambaye ndevu hazijamtoka sawasawa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hawakusema isipokuwa kwa kidole tumbo.

2. Muuguzi Nyevu alimzuia bibi mlangoni na chupa yake ya kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani zikakoshwa kwa marashi. Eti anayekwenda kupasuliwa hali wala hanywi. Bibi alieleza kwa upole kuwa kombe si kinywaji, ni dua. Muuguzi akamjibu, "Dua iombe, bibi, lakini ya kunywa ingoje azinduke." Bibi aliinywa mwenyewe pale pale, na tangu siku hiyo anasema magoti yamepoa. Hapa hatuna lalamiko kubwa.

3. Hili ndilo kubwa. Mtoto si wa mzazi mmoja, ni wa ukoo. Tulikuwa tumetandika mkeka nje ya wodi, na tulishakubaliana kwa kauli moja kwamba tusikubaliane lolote mpaka afike Ammi Mahdi, mkubwa wetu, aliyekuwa kwenye basi kutoka Lamu. Basi likapasuka gurudumu Witu. Je, ingewadhuru nini kungoja gurudumu? Chai ya pili haijamiminwa, mara tunaona mtoto anasukumwa kitandani kuelekea chumba cha upasuaji.

4. Ammi Mahdi alipofika, mtoto alishapasuliwa, alishashonwa, na anaulizia mahamri. Mtu mzima kaja safari yote ile na hakukuta cha kuamua. Aliona haya mbele ya watu. Alipouliza nani karuhusu, akaambiwa kuna mzazi aliyetia sahihi. Ukoo umeshangaa na unamtafuta mtu huyo.

Kwa hivyo tunaomba Daktari Kioko aonywe, na magonjwa yote ya ghafla kuanzia sasa yangoje akidi itimie. Tunaomba pia chumba cha kikao, chenye feni, kando ya chumba cha upasuaji. Mgonjwa akifariki kabla hatujaafikiana, kikao kitaingia moja kwa moja kwenye ajenda ya mazishi, ambayo, kwa sifa yetu, huwa hatuicheleweshi kabisa.

Wazee wote wanakusalimu. Bibi anamsalimu Nyevu, ila alinikataza nisiandike.

Wako mtiifu, kwa niaba ya kikao,
Ubaid Salman

Nyongeza: Wazee wamesomewa mpaka hapo juu, wameridhika, wamekwenda kuswali Alasiri. Haya ya chini ni yangu. Mzazi aliyetia sahihi ni mimi. Niliwaaga kwenye mkeka kwamba nakwenda kununua maji. Daktari Kioko aliniambia tukingoja tutampoteza mtoto, na mkono ulinitetemeka hata akanishikia karatasi. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Tafadhali asionywe. Mwambieni leo Sahla amemkimbiza paka jikoni, huku amejishika kovu, anacheka. Na Ammi Mahdi akija kuuliza sahihi ile ni ya nani, mwambieni haisomeki. Kwa mkono ule, hamtakuwa mmesema uongo.