Ufunguo wa Stoo na Mifuniko Sitini na Moja

Jumatatu, 3 Juni
Nyumba imeharibika! Leo nimekuta kiatu ndani ya sinki. Kimoja. Wakati wa chai nikatangaza sheria: kila kitu kirudi kwao. Kikikutwa kimezagaa baada ya watu kuoga jioni, kinaingia guniani, na mwenyewe hakipati mpaka afagie uwanja mzima. Atakayefika Jumamosi bila kitu guniani ndiye atakayeshika ufunguo wa stoo.

Ufunguo ule ulikuwa wangu! Nilimpa mkamwana mwaka ule goti liliponigomea, nikidhani ni kwa wiki moja. Akasema sawa mama, akatabasamu. Tabasamu lile silipendi.

Anayeniandikia haya ni mzee wangu, maana mimi shule niliiona kwa nje tu. Ameuliza, na hilo aandike? Andika yote.

Jumanne, 4 Juni
Gunia limenona! Soksi nne za wajukuu, hakuna inayofanana na mwenzake. Na miwani ya mzee. Amelalamika kwamba aliiacha mezani dakika moja tu, akanywe maji. Nikamwambia sheria ni msumeno. Akasema kufagia hafagii, yeye amestaafu. Basi herufi zikicheza ngoma humu, kosa si langu.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Mkamwana anakagua mpaka chini ya vitanda. Chini ya changu kuna mifuniko sitini na moja, ya mabakuli yaliyokufa zamani. Si takataka! Siku moja bakuli litakuja lenyewe. Nimeihamishia kwenye pipa bovu nyuma ya bafu. Mzee akauma kalamu, akauliza kama kweli hili liandikwe. Mzee, siri ya mtungi aijuaye kata. Andika: pipa bovu.

Alhamisi, 6 Juni
Mkamwana hana hata sindano guniani. Mwanamke gani huyu! Kesho jioni nitachukua kitana chake nikiangushe sebuleni, ionekane amekiacha mwenyewe. Umeandika? Vizuri.

Ijumaa, 7 Juni
Kitana amekifunga uzi, amekivaa shingoni kama kipenga! Shikamoo mama, sauti ya asali. Kuna mtu anavujisha. Ni wajukuu, kwa masikio yale. Nimewanyima hadithi. Mzee amesema nimefanya vyema, huku akifuta miwani yake. Sijui aliikomboa lini, uwanja umejaa majani.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu! Mkamwana hata hakupepesa macho, moja kwa moja kwenye pipa. Mifuniko ikamwagika kwa kelele, majirani wakachungulia. Wajukuu wakaimba eti bibi kaingia guniani. Mkamwana akaniuliza, mama, si ulisema sheria ni msumeno?

Ufunguo umebaki kiunoni mwake. Nikafagia. Majani ya wiki nzima! Nilipofika nusu, naye akachukua fagio la pili. Tukacheka mpaka goti likauma. Na mfuniko mmoja umekaa sawasawa kwenye bakuli lake la stoo. Si nilisema!

Jumapili, 9 Juni
Nimemhoji mzee: nani alisema? Hajui. Miaka arobaini na minne ya ndoa, hajawahi kunidanganya. Yamekwisha.

Kesho tunaanza upya, na safari hii ufunguo ni wangu. Mifuniko sitini iliyobaki nimeificha mahali pengine, tunapajua mimi na wewe tu. Andika, mzee: chini ya godoro, upande wako.

Sasa unacheka nini? Andika!